Kosa Lilikuwa la Lenzi? Kamera ya Mpiga Picha Mmoja wa Buyenzi, 1964–1972

Utangulizi

Nyumbani kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, kuna picha moja ambayo haijawahi kutundikwa ukutani. Bibi huiweka ndani ya sanduku lake la nguo, imefungwa kwa kitambaa. Ni picha ya mdogo wake wa kiume, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sote nyumbani tunamwita Mjomba kwa kuwa ndivyo mama alivyomwita, ingawa sisi wajukuu hatukumkuta. Ilipigwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa Aprili 1972. Mwezi uliofuata Mjomba alichukuliwa akiwa kazini, naye hakurudi. Hiyo ndiyo picha pekee iliyobaki, na uso wake hauonekani. Shati lipo, mikono ipo, viatu vipo, lakini mahali pa uso pana ukungu mweupe kama moshi wa kuni mbichi.

Tangu utotoni nimesikia maelezo ya aina moja tu: kamera ya babu ilikuwa na mkwaruzo kwenye lenzi, na mkwaruzo huo ndio ulioula uso wa Mjomba. Babu ndiye aliyepiga picha hiyo. Alifariki 1998 bila kuyakanusha maneno hayo wala kuyakubali. Likizungumzwa jambo hilo, alikuwa akiinuka na kwenda kukaa barazani.

Mwaka jana mwalimu wetu wa mbinu za utafiti wa historia alitutaka tuchague chanzo kimoja kisichokuwa hati, tukihoji kama tunavyoihoji hati. Wenzangu walichagua ngoma, majembe na majina ya mitaa. Mimi nilichagua kamera ya babu, daftari lake na bahasha zake za filamu. Swali langu lilikuwa fupi: je, ni kweli kwamba mkwaruzo ndio ulioharibu picha ya Mjomba? Katika insha hii nitaonyesha kwamba mkwaruzo ulikuwa na kosa dogo sana. Kilichoiharibu picha ile ni jitihada ya kuuondoa.

Kamera na mji wake

Kamera ilifika Burundi pamoja na wageni waliotaka kuitawala nchi au kuieleza kwa watu wa kwao. Mjerumani Hans Meyer, ambaye Waswahili wengi wanamkumbuka kwa kufika kilele cha Kilimanjaro 1889, alipita Burundi 1911, na 1916 akachapisha kitabu chenye picha kiitwacho Die Barundi. Baada yake wakaja Wabelgiji, na Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo, ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi. Kwa miaka mingi aliyeshika kamera alikuwa mgeni, na mwenyeji alikuwa mtu wa kutazamwa.

Babu alinunua kamera yake 1964, miaka miwili baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Ilikuwa Yashica-Mat iliyokwisha kutumika, na aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Asiatiki kwa malipo ya awamu. Kamera ya aina hii ina macho mawili, moja juu ya jingine. Jicho la juu ni la kutazamia tu. Jicho la chini ndilo linaloingiza nuru kwenye filamu. Filamu moja hutoa picha 12 za mraba. Lenzi haichomoki, kwa hiyo ikiharibika huwezi kuvua moja na kuvika nyingine. Aliyenunua kamera hiyo alikuwa ameoana na lenzi yake.

Kazi ilikuwa nyingi. Watu wa Buyenzi walitaka picha za vitambulisho, za arusi, za Idi, za mtoto aliyehitimu madrasa. Tatizo lilikuwa vumbi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, vumbi la barabara za Buyenzi huingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Vumbi hilo huwa na chembe za mchanga aina ya kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo: katika kipimo cha ugumu cha Mohs inafikia 7, wakati kioo cha kawaida hakivuki 6 sana. Mtu anayefuta lenzi kwa pindo la shati lenye vumbi anaichora kwa jiwe bila kujua. Babu alilifahamu hilo. Katika daftari lake, chini ya orodha ya bei za filamu, ameandika masharti kwa mwanafunzi wake wa kazi: kwanza pulizia kwa mpira, kisha brashi laini, kisha pumzi, mwisho kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, ukianzia katikati kwenda pembeni bila kukandamiza.

Pamoja na uangalifu huo, mkwaruzo ulikuja. Tarehe 14 Juni 1969 ameandika: “Kamera imeanguka kwenye kokoto, arusi ya Bwiza. Jicho la chini limekwaruzwa.”

Mkwaruzo hufanya nini?

Nilipoanza utafiti huu niliamini kama wengine kwamba mkwaruzo kwenye lenzi huonekana kwenye picha kama mstari. Sivyo. Nuru inayotoka sehemu yoyote ya kitu kinachopigwa picha, tuseme ncha ya pua, haipiti kwenye nukta moja ya lenzi. Inaenea juu ya kioo chote cha mbele, kisha lenzi inaikusanya tena kuwa nukta moja kwenye filamu. Mkwaruzo huzuia kipande kidogo cha nuru hiyo, na nuru nyingine yote hupita pembeni yake. Isitoshe, mkwaruzo uko karibu mno na filamu kuliko mtu anayepigwa picha, kwa hiyo hauwezi kuwa na umbo linalosomeka.

Niliupima mkwaruzo wa babu kwa rula na kioo cha kukuzia. Una urefu wa milimita 8, na upana wake haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Tundu la lenzi hiyo likiwa wazi kabisa lina kipenyo cha milimita 23 hivi, yaani eneo la milimita za mraba 415. Mkwaruzo unachukua milimita ya mraba isiyotimia. Ni chini ya sehemu moja katika 500. Hesabu hubadilika mpiga picha anapolibana tundu, kama ilivyozoeleka penye jua kali. Likibanwa hadi kipenyo cha milimita 5, mkwaruzo ukipita katikati unaweza kufikia sehemu moja katika 40. Ndiyo maana mafundi husema lenzi iliyokwaruzwa ifunguliwe zaidi. Mkwaruzo ukiwa kwenye kioo cha nyuma, kilicho karibu na filamu, madhara yake ni makubwa zaidi.

Sikutosheka na hesabu. Niliazima kamera yenye kichujio cha kioo mbele ya lenzi, nikabandika uzi mweusi wa kushonea juu ya kichujio, nikampiga picha mdogo wangu mlangoni. Uzi haukuonekana. Kisha niliutoa uzi, nikapaka mafuta kidogo sana ya mgando kwa kidole, nikasugua hadi kioo kikaonekana karibu safi, nikampiga tena huku jua likiwa nyuma yake. Picha nzima ikawa nyeupe. Mdogo wangu akauliza kama amepigwa picha ndani ya maziwa.

Hapo nikapata tofauti niliyoihitaji. Mkwaruzo mmoja mzito hukata nuru kidogo. Uso wa kioo uliochakaa kwa vichubuko visivyohesabika huitawanya nuru, na jua likiingia moja kwa moja, nuru hiyo iliyotawanyika humwagika juu ya picha yote na kufunika palipo na giza. Nikitazama tena picha ya Mjomba, sikuona mstari. Niliona maziwa.

Kuna fundisho la jumla hapa kwa sisi tunaosoma historia kwa kutumia picha. Mistari myeupe au myeusi tunayoiona kwenye picha za zamani, zikiwemo zile zilizopigwa kwenye bamba za kioo, kwa kawaida haikutoka kwenye lenzi. Ni mikwaruzo ya bamba, ya filamu au ya karatasi, na inatueleza jinsi picha ilivyohifadhiwa baada ya kupigwa. Kasoro ya lenzi yenyewe hujirudia picha baada ya picha, hasa zile zilizotazama jua. Anayetaka kuijua asitazame picha moja, azitazame nyingi kwa mpangilio wa tarehe.

Ushahidi wa bahasha

Babu aliacha bahasha 41 za negativu, kila moja ina tarehe. Nilizipanga juu ya mkeka katika makundi matatu. Kundi la kwanza linaanzia 1964 hadi arusi ile ya Bwiza. La pili linaanzia hapo hadi Januari 1972. La tatu ni zilizobaki.

Kama mkwaruzo ndio ulioharibu kazi ya babu, kundi la pili lingekuwa na ukungu. Halina. Picha za 1970 na 1971 ni kali kama za mwanzo: unaweza kuhesabu vifungo vya kanzu. Katika picha chache zilizotazama jua kuna doa la mwangaza pembeni, basi. Daftari linaeleza sababu. Siku sita baada ya ajali ameandika kwamba amejaza mkwaruzo kwa wino wa Kichina, akitumia ncha ya sindano. Hii ni mbinu ya zamani ya mafundi: mkwaruzo mtupu humetameta na kurusha nuru ovyo, lakini ukijazwa weusi huwa kimya. Unapoteza nuru kidogo, unaokoa picha. Chini yake ameandika pia: “Jua likiwa mbele, kofia.” Maana yake alikuwa akiikinga lenzi kwa kivuli cha kofia yake.

Ukungu unaanza ghafla katika kundi la tatu. Bahasha ya mwanzoni mwa Januari 1972 ni safi. Bahasha ya Februari yote ina maziwa, na baada yake hakuna iliyo safi, isipokuwa zilizopigwa ndani ya studio. Kwa hiyo kati ya Januari na Februari kulitokea jambo jingine, ambalo daftari halilitaji. Babu, aliyeandika hata bei ya ncha ya sindano, hapo amenyamaza.

Majivu

Nilikwenda kwa bibi na bahasha hizo. Nilimwamkia, nikatandika mkeka, nikazipanga mbele yake kama nilivyozipanga chumbani kwangu. Nilimweleza kwamba mkwaruzo haukuwa na kosa na kwamba kuna jambo lilitokea mwanzoni mwa 1972. Nilidhani angefurahi. Alizitazama kwa muda mrefu, akanyoosha kidole penye pengo kati ya Januari na Februari.

“Hapo ilikuwa Idi ya Kuchinja,” akasema. “Ni mimi, mwanangu.”

Akanieleza kwamba alikuwa amemsikia babu akilalamikia ule mkwaruzo miaka miwili na nusu. Siku ya kuamkia Idi, babu akiwa amekwenda sokoni, bibi alikuwa akisafisha chemni za kandili kwa majivu ya jikoni na kitambaa, kama alivyofundishwa na mama yake. Chemni ziling'aa. Kamera ilikuwa mezani. Akaona amfanyie mumewe hisani.

“Nilisugua mpaka ule wino ukatoka. Nikasema, alhamdulillahi, doa limekwisha. Babu yako aliporudi aliishika kamera, akaigeuza kwenye dirisha, akaiweka. Hakusema neno. Mkwaruzo ulikuwa mmoja tu. Mimi nikaongeza mingine.”

Alichokiondoa bibi si wino tu. Lenzi nyingi za enzi hizo zina utando mwembamba unaopunguza nuru inayorudishwa na kioo. Historia ya utando huo ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1896 Mwingereza Harold Dennis Taylor alieleza kwamba lenzi za zamani zilizofifia kwa umri hupitisha nuru nyingi kuliko mpya. Doa ambalo watu walitaka kulifuta lilikuwa linasaidia. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani akabuni njia ya kuutandaza utando huo kwa makusudi. Kioo kitupu hurudisha karibu asilimia 4 ya nuru kwenye kila uso wake, na utando hupunguza hasara hiyo. Lakini unene wake ni takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Majivu yenye chembe za mchanga hayahitaji dakika nyingi kuumaliza. Dawa ya meno, ambayo hadi leo vijana hushauriana kuitumia, ni jamaa wa majivu.

Hata bila utando, kusugua hubadilisha umbo la kioo, na umbo ndilo kila kitu. Darubini ya angani Hubble ilirushwa 1990 ikiwa na kioo kilichokosewa kwa takriban mikromita 2 tu ukingoni, na picha zake zikatoka zimefifia. Wahandisi hawakukisugua. Waliipima kasoro hadi wakaijua vizuri, na Desemba 1993 wanaanga wakafunga vifaa vilivyoirekebisha nuru baada ya kuakisiwa na kioo chenye kasoro.

Sikumwambia bibi habari za Hubble. Nilimuuliza kwa nini aliacha watu waseme ni mkwaruzo.

“Mwanzo niliona haya. Halafu ndugu yangu akapotea, nikaogopa. Ningesema nimeufuta uso wake kwa mkono wangu?”

Picha ya 12

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia, hasa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima, yakiwalenga Wahutu, na hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, askari. Makadirio ya waliouawa huanzia watu laki moja hadi laki tatu. Mjomba alikuwa mwalimu. Familia nyingi ziliogopa hata kulia kwa sauti, na vitu vya waliopotea vilifichwa. Bahasha ya picha za ufukweni ilishonewa ndani ya godoro. Ilipotolewa baada ya miaka mingi, hakuna aliyeifungua, kwa kuwa picha iliyochapishwa ilikuwepo na wote walijua imeharibika.

Niliifungua. Picha iliyo sandukuni kwa bibi ni ya 11 kwenye filamu. Jua la jioni lilikuwa likishuka juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, karibu kabisa na sikio la Mjomba, na lenzi iliyosuguliwa ilikuwa inalitazama. Lakini filamu ina picha 12. Kwenye daftari babu ameandika kuhusu filamu hiyo: “11 ina ukungu. 12 kofia imeingia, mbovu.”

Ya 12 haijawahi kuchapishwa. Babu alitambua kosa papo hapo, akanyoosha kofia yake kulikinga jicho la chini. Kwa kuwa alikuwa akitazamia jicho la juu, hakuona kwamba ukingo wa kofia umeingia kwenye picha. Kwa mteja wa 1972 hiyo ilikuwa picha mbovu: sehemu yote ya juu ni nyeusi. Niliiweka negativu juu ya skrini ya simu yenye mwanga mweupe, nikaipiga picha, nikageuza weusi kuwa weupe.

Chini ya ule weusi wa kofia, Mjomba yupo. Ana mwanya. Jicho la kushoto limefumba kidogo kuliko la kulia, kama la mama. Anacheka, nadhani kwa sababu ya shemeji yake anayehangaika na kofia.

Hitimisho

Nilianza na swali la nani mwenye kosa, na nimepata jibu ambalo halikumfurahisha mtu. Mkwaruzo uliosingiziwa miaka hamsini ulikuwa umekwisha kutulizwa kwa wino. Aliyeharibu alikuwa na nia njema. Aliyejua alinyamaza, na sasa ninaamini kwamba babu alipoinuka kwenda barazani hakuwa akikimbia lawama. Alikuwa akimbebea bibi.

Kwa kazi yetu ya historia ninachukua mambo mawili. Kwanza, kila chanzo kina mkwaruzo wake. Bibi ni chanzo, babu ni chanzo, daftari ni chanzo, na kila kimoja kina mahali kisipopitisha nuru. Hatuna ruhusa ya kukisugua mpaka king'ae, kwa sababu tutaondoa pamoja na doa kile kilichokuwa kinatusaidia kuona. Kazi yetu ni kuijua kasoro ilipo, kuipima, kuijaza wino ikibidi, na kuweka kivuli pale jua linapotaka kuingia. Pili, tutafute vilivyoitwa vibovu. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoundwa kwa sheria ya 2014 ilikusanya ushahidi wa familia kuhusu miaka hiyo, na nina hakika katika magodoro na masanduku ya Burundi ziko picha nyingine za 12 ambazo hazikuchapishwa kwa kuwa kofia iliingia.

Kabla ya kuandika insha hii nilimwomba bibi ruhusa ya kuyaeleza haya ya majivu. Alisema niyaandike, mradi nisiandike kwamba babu alikosea. Picha ya 12 nimeichapisha kama ilivyo. Mwenye duka aliniuliza kama akate ule weusi wa juu ili ipendeze. Nilimwambia auache. Sasa imetundikwa sebuleni, na mgeni akiuliza ule weusi ni nini, bibi humjibu mwenyewe: “Hiyo ni kofia ya mume wangu.”